ANA hasi, Jo-1 chanya: nishike karatasi ipi?

FundiWaUmoja

Hamjambo wenzangu. Nina karatasi mbili za maabara za kupima kingamwili (protini za kinga ya mwili) hapa mezani, moja ya ANA na moja ya Jo-1, na naona zinapingana. Tangu Ijumaa usingizi umenipaa. Mwenye kujua anisaidie kuzielewa kabla sijaenda kumwona daktari wa baridi yabisi tarehe 19.

Mimi ni fundi cherehani, niko Umoja, Nairobi, umri miaka 41. Januari ni msimu wa sare za shule, ndio mwezi unaonilipia karo ya watoto wangu. Mwaka huu katikati ya msimu mikono ikaanza kuninyima. Maumivu hayakuwa mengi, ila nguvu zilikuwa zinakwisha. Nikitundika sweta kwenye msumari ulio juu ya mlango, mkono unafika usawa wa sikio halafu unashuka wenyewe. Nikimsuka binti yangu, kila baada ya mistari miwili lazima nipumzike. Kufikia Machi nilikuwa siinuki kwenye kigoda bila kushika meza ya cherehani. Tunakaa ghorofa ya nne, na maji yakikatika kila mtu anapandisha mtungi wake. Mimi nilikuwa napanda mikono mitupu huku nikijivuta kwa reli ya ngazi, mtungi anaubeba mtoto wa darasa la saba.

Vidole vyangu viko sawa. Hata leo natunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu. Hilo ndilo liliwachanganya watu nyumbani na hospitalini: anayetunga sindano vile anasemaje hana nguvu?

Kliniki ya kwanza walipima damu wakakuta vimeng'enya AST 312 na ALT 188, viko juu. Wakasema ni ini. Pombe sinywi. Hepataitisi B na C zikatoka hasi, ultrasaundi ya ini ikaonekana safi, lakini nikakaa miezi miwili nimeacha mafuta na nameza vidonge vya kusafisha ini. Nilikuwa na kikohozi kikavu pia. Makohozi yalipimwa TB mara mbili, hasi, basi nikasema ni nyuzinyuzi za vitambaa. Pembeni mwa kidole cha shahada na cha gumba ngozi ilikauka ikapasuka mistari myeusi ambayo haitoki hata nikisugua kwa jiwe. Hapo nikasema ni chaki na makasi. Kila dalili niliitafutia jibu kazini kwangu, na kila jibu liliingia akilini.

Mei, daktari mmoja kijana wa zamu ya jioni aliniambia ninyooshe mikono mbele na nimzuie asiisukume chini. Nilishindwa. Akaniambia niketi kwenye kiti kifupi na kuinuka nimekunja mikono kifuani. Nikashindwa pia, na machozi yakanitoka, maana sikuwa nimewahi kujijaribu hivyo. Akaagiza CK, kimeng'enya kinachotoka kwenye misuli ikiumia. Ikarudi 4,860, na karatasi inasema mwisho ni 190. Akaagiza na ANA, ikarudi hasi. Siku ya kuchukua majibu hakuwepo. Aliyekuwepo akaniambia ANA ikiwa hasi basi ugonjwa wa kinga, yaani kinga kushambulia mwili wenyewe, haupo, nisiendelee kupoteza pesa.

Yule kijana nilipompata tena alisisitiza nifanye ukanda wa kingamwili za misuli. Nimelipa karibu kodi ya nyumba ya mwezi mzima, damu ikasafirishwa, nikangoja siku 18. Majibu ndiyo haya: Jo-1 chanya +++, Ro-52 chanya +++, PL-12 "mashaka", mistari mingine yote hasi.

Damu ni yangu ile ile. Inakuwaje moja iseme hakuna na nyingine iseme kuna? Halafu hiyo PL-12 ni ugonjwa wa pili? Nimesoma pia kwamba ugonjwa huu wa misuli kuvimba, maiositisi, huja na saratani, na tangu nisome hilo nawaangalia watoto wangu nikiwa kimya. Tafadhali mnijibu wazi.

Mtu_wa_Benchi

Dada Fundi, pole sana. Nafanya kazi maabara hapa Nairobi, huu ni mwaka wa 11, na swali lako la kwanza ndilo linaniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia.

Karatasi zako hazipingani, kila moja imejibu swali lake. ANA inatafuta kingamwili zinazoshika kiini cha seli. Tuna vioo vyenye seli zinazoitwa HEp-2. Tunadondoshea seramu yako (maji ya damu) ikiwa tumeizimua, wengi tunaanzia 1:80, tunasubiri, tunaosha, tunaweka rangi inayonasa kingamwili ya binadamu, kisha naingia chumba cha giza na kutazama kwa hadubini. Kingamwili ikiwa imeshika kitu, pale iliposhika panawaka kijani. Sasa fikiria yai la kukaanga. Kiini cha njano ndicho ANA inachokiuliza. Lakini Jo-1 haishiki kitu kwenye njano. Inashika kimeng'enya kiitwacho histidili-tRNA sinthetasi, ambacho kazi yake ni kuifunga asidi amino ya histidini kwenye tRNA seli inapojenga protini, na kazi hiyo inafanyika kwenye ule weupe unaozunguka, yaani saitoplazimu. Kwa hiyo damu kama yako inaacha kiini kikiwa cheusi na weupe wake umejaa punje laini za kijani, kama vumbi la chaki yako juu ya kitambaa cheusi. Anayetazama kiini peke yake anaandika hasi na kuendelea na kioo kinachofuata.

Naandika haya kwa sababu nimewahi kuwa mtu huyo. Miaka yangu ya mwanzo fomu yetu ilikuwa na visanduku viwili tu, chanya na hasi. Nilikuwa nauona ule weupe ukiwaka na naweka alama kwenye hasi, kwa kuwa fomu iliuliza kiini. Siwezi kujua ni wangapi walirudishwa nyumbani kwa alama yangu. Siku hizi kuna orodha ya kimataifa ya michoro ya ANA, kila mchoro na namba yake, na ule wa punje laini za saitoplazimu unaohusishwa na Jo-1 ni AC-20. Mimi sasa nauandika chini ya jibu hata nisipoulizwa. Nenda maabara iliyofanya ANA yako, uliza kwa upole kama saitoplazimu iliwaka. Huenda mtu aliiona.

Ukanda wako ni kitu kingine. Ni karatasi nyembamba, upana wake kama utepe wa kupimia wa fundi uliokatwa katikati, na imechapishwa mistari ya protini mbalimbali: Jo-1, PL-7, PL-12, EJ, OJ, Mi-2, MDA5, TIF1-gama, NXP2, SAE, SRP, na wenzao kama Ku, PM-Scl na Ro-52. Unailaza kwenye kihori kidogo pamoja na seramu, inatikiswa taratibu kama nusu saa, unaosha, unaweka kitambuzi, unaosha tena, unaweka dawa ya rangi. Mstari ulioshikwa na kingamwili unakolea zambarau-nyeusi. Kuna mstari mmoja wa kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi, huo usipotokea tunatupa ukanda na kuanza upya. Mashine inasoma ukolevu na kutoa hizo alama za kujumlisha.

Hapo ndipo penye jibu la PL-12 yako. Mtu kwa kawaida ana moja tu kati ya kingamwili mahususi za maiositisi. Ukiona mmoja umekolea kabisa na mwingine ni kivuli, kivuli mara nyingi ni kelele ya kipimo. Mistari hafifu kwenye hizi kanda hudanganya, tena sana, na nimeona watu wazima wa afya wakiwa na kivuli cha SRP au PL-12 kisicho na maana yoyote. Ro-52 nayo ni jirani wa kila siku wa Jo-1, hutembea naye. Zikikaa pamoja madaktari huyachunguza mapafu kwa makini zaidi, na wewe una kikohozi. Usiondoke kwa daktari tarehe 19 kabla hajazungumzia mapafu.

Kuhusu saratani: kingamwili zinazowasumbua madaktari kwa watu wazima ni TIF1-gama na NXP2. Zote mbili kwako ni hasi. Daktari bado atakuuliza maswali na kukupima kulingana na umri, mjibu yote, lakini hayo uliyoyasoma sidhani yaliandikwa yakimlenga mwenye Jo-1.

Na ini lako lilisingiziwa. AST na ALT zimo kwenye misuli pia. Misuli ikivunjika zinamwagika kwenye damu kama CK. GGT, kimeng'enya kingine cha ini, haitoki kwenye misuli, kwa hiyo kama ilipimwa na ilikuwa ya kawaida, chukua karatasi hiyo uende nayo.

Jambo moja tu nikuombe. +++ ya ukanda haitoshi peke yake kumpa mtu ugonjwa. Kwako ina uzito kwa sababu ya kigoda, msumari wa mlangoni, CK ya 4,860, vidole vilivyopasuka na kikohozi. Mwambie daktari hayo kwanza, karatasi baadaye. Watu weusi wengi tuna CK inayozidi kidogo mpaka ulioandikwa na hatuumwi chochote, hata sindano ya msuli au kubeba mizigo huipandisha, lakini haifiki elfu nne na ushee ikakaa huko.

KifunguaMimba_Donholm

Mtu wa Benchi ameeleza vizuri, mimi naongeza upande wa pili maana ulitugharimu.

Baba yangu ana miaka 66. Alikuwa anameza atorvastatini ya kolesteroli. Mapaja yakaisha nguvu, CK ikawa juu ya elfu sita. Daktari akasimamisha dawa, sawa kabisa, wengi hupona hivyo baada ya wiki kadhaa. Yeye hakupona. Tukafanya ukanda, mistari yote hasi, nasi tukatulia tukidhani kinga haihusiki. Miezi mitatu ikapita mzee akiinuliwa kitandani na watu wawili. Daktari wa pili alipouangalia ule ukanda aliuliza swali moja: mstari wa HMGCR uko wapi? Haukuwepo. Ukanda ule haukuwa na HMGCR kabisa, ile protini ambayo statini (dawa za aina ya atorvastatini) huilenga; kingamwili yake hupimwa peke yake kwa ELISA, kipimo kingine cha damu. Tukaipima, ikawa juu sana. Kuacha kidonge hakutoshi kwa watu hawa, kinga ikishawaka inaendelea hata statini ikiwa imekwisha mwilini. Sasa anatumia dawa za kushusha kinga na Jumapili iliyopita ametembea hadi kanisani akishika fimbo.

Kwa hiyo yeyote anayesoma hapa na jibu lake ni "hasi zote": hesabu mistari. Uliza ni ipi haikupimwa. Na wapo wagonjwa halisi wa misuli ambao hawana kingamwili hata moja inayojulikana, hao hufika kwa biopsi (kukata kipande kidogo cha msuli na kukichunguza) na kipimo cha umeme wa misuli. Wasiambiwe hawaumwi.

Nuru_Roysambu

Fundi, dada yangu, mimi ni Jo-1 mwaka wa sita. Nimesoma habari ya kidole chako nikaweka simu chini.

Hiyo ngozi ina jina. Madaktari wanaiita mikono ya fundi makanika, kwa vile inafanana na mikono ya mtu anayeshika oili na spana siku nzima. Mimi nilikuwa karani, sijawahi kushika spana maishani, na bado niliambiwa ni sabuni ya kufulia. Wewe una kazi ya mikono, nani angeshuku? Usijilaumu.

Sasa uangalie na haya, uyaandike kwenye kijitabu. Vidole vyako kwenye baridi ya Julai vinakuwaje? Vyangu ncha zinageuka kijivu kama zimepakwa majivu, halafu zinakufa ganzi mpaka nishike kikombe cha chai. Viungo vya mkono vinavimba asubuhi? Homa za jioni bila malaria? Vyote hivyo ni vya familia moja na Jo-1. Kama una vipele bapa juu ya vifundo vya vidole au rangi kwenye kope, vionyeshe, na ujue kwamba kwenye ngozi yetu huonekana zambarau au weusi uliozidi. Picha nyingi za mtandaoni ni za ngozi nyeupe na zinaonyesha wekundu, kwa hiyo usipoona wekundu usiseme huna.

Mapafu ndiyo yalinitisha kuliko miguu. Nilikuwa navuka daraja la wapita njia la Roysambu juu ya Thika Road kila asubuhi, na nikawa nasimama katikati najifanya natazama magari. Eksirei ya kifua ilisomwa safi. CT ya mapafu, picha ya vipande vyembamba, ndiyo iliyoonyesha ukungu chini kwenye pande zote mbili. Kipimo cha kupuliza nacho kilionyesha mapafu yanajaza hewa kidogo kuliko inavyopaswa. Ukienda tarehe 19 uliza vyote viwili, CT na kupuliza.

Kabla ya kuanzishiwa dawa watakupima TB tena na hepataitisi B. Usichoke, usiseme nilishapimwa. Dawa hizi zinashusha kinga na TB iliyolala inaweza kuamka. Mimi nilianza prednisoloni, baadaye daktari akaongeza azathioprini. Uso ulivimba na nilikuwa na njaa usiku wa manane, nikalia sana kwa sababu ya ule uso. Ila siku ya arobaini hivi niliinuka chooni bila kushika ukuta. Prednisoloni usiiache ghafla hata siku moja kwa sababu umepata nafuu au pesa zimeisha. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Pesa zikikwama mpigie daktari, apange namna ya kupunguza.

Na usitumie pesa kurudia Jo-1 kila mara. Jina hilo lilianzia kwa herufi za jina la mgonjwa mmoja, kingamwili hiyo ilielezwa mwaka 1980, na kwa wengi wetu hukaa damuni miaka na miaka hata tukiwa wazima. Maendeleo yangu wanayapima kwa CK, kwa kupuliza, na kwa kuniambia nikalie kile kiti kifupi.

FundiWaUmoja

Nimewasoma nyote mara tatu na mara ya mwisho nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Mtu wa Benchi, nilikwenda kule maabara leo asubuhi. Dada wa mapokezi alitaka kunirudisha, nikamwomba aulize ndani tu. Akatoka mzee mmoja na daftari kubwa la mkono. Akatafuta namba yangu. Pembeni ya neno hasi, kwa penseli, palikuwa pameandikwa "sait. laini". Haikuchapishwa kwenye karatasi yangu. Akanipa jibu jipya lenye mhuri na maelezo hayo, akaniomba radhi, na sikumkasirikia. Nilifurahi kwamba kuna mtu aliiona. GGT yangu nimeipata pia, 24, ilikuwa kwenye karatasi ya Februari na hakuna aliyenitajia.

Nuru, vidole vyangu asubuhi vinavimba, na homa za jioni ninazo tangu Aprili. Nilikuwa nazimezea Panadol. Vifundo sina vipele. Nimeandika yote.

Yule daktari kijana nimempigia. Amesema tusingoje tarehe 19 kwa CT, ameniandikia niifanye kesho kutwa saa mbili asubuhi. Nisile? Nilisahau kumuuliza, na simu yake sasa haipatikani.

Mtu_wa_Benchi

Hiyo penseli imenigusa, dada. Asante kwa kwenda.

CT ya mapafu ya aina hiyo huwa haina dawa ya kuchoma kwenye mshipa, kwa hiyo kwa kawaida mtu anakula kama siku zote. Wapigie kesho wathibitishe jinsi karatasi yako ilivyoandikwa. Watakulaza chali na kukuambia uvute pumzi uishike, na wengine hukugeuza kifudifudi ili waone vizuri sehemu za chini za mapafu. Waambie mapema kwamba huwezi kujigeuza wala kuinuka bila msaada, wakuwekee mtu wa kukushika, usione haya. Sidiria yenye waya na nguo yenye zipu au vifungo vya chuma uiache nyumbani.

FundiWaUmoja

Nina dera la mpira kiunoni, halina zipu. Nitavaa hilo, na binti yangu atanisindikiza.